Namna ya Kuisoma Sakiti: Mhadhara kwa Wanaoanza Elektroniki

Sakiti ni njia ya umeme inayoanzia kwenye chanzo, ikapita katika vifaa, kisha ikarudi kwenye chanzo kilekile. Njia hiyo ikikatika mahali popote, hata kwa upana wa unywele, mkondo husimama kote. Ndani ya waya wa shaba kinachosogea ni elektroni, na kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja ndicho kinachoitwa mkondo. Mkondo hupimwa kwa ampea. Katika ampea moja hupita elektroni zaidi ya bilioni sita mara bilioni moja kila sekunde. Pamoja na wingi huo, elektroni zenyewe husogea polepole mno: katika nyaya za kawaida za nyumbani mwendo wake ni sehemu tu ya milimita kwa sekunde. Taa huwaka papo hapo kwa sababu waya mzima umekwisha kujaa elektroni, nazo husukumwa zote kwa pamoja mara swichi inapobonyezwa.

Msukumo huo, uitwao volteji, hupimwa kwa volti. Volti 1 kati ya nukta mbili maana yake ni kwamba kila kulombi 1 ya chaji inayopita kutoka nukta moja hadi nyingine hutoa au hupokea jouli 1 ya nishati. Maneno "kati ya nukta mbili" ndiyo yanayowaponyoka wengi wanaoanza. Mkondo hupita mahali, lakini volteji haikai mahali pamoja. Ni tofauti iliyopo baina ya hapa na pale. Fundi akisema kwamba kwenye mguu fulani wa kifaa pana volti 5, amekwisha kuchagua kimyakimya nukta ya kulinganishia, ambayo kwa kawaida ni upande wa hasi wa chanzo, na nukta hiyo huhesabiwa kuwa sifuri. Ndiyo sababu mita ya kupimia umeme ina ncha mbili, na ndiyo sababu kipimo kilichochukuliwa kwa kugusisha ncha nyeusi mahali pasipo sahihi hakina maana yoyote, hata kama tarakimu zinaonekana nzuri.

Hadi mwisho wa karne ya 18 watu walijua umeme wa cheche tu, ule unaotokea na kutoweka mara moja. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia aliiandikia Royal Society ya London kueleza rundo lake la vibati vya metali mbili tofauti vilivyotenganishwa kwa vitambaa au karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi. Rundo hilo ndilo betri ya kwanza, na kwalo mkondo unaoendelea kupita ukaanza kupatikana. Bila mkondo wa namna hiyo hakuna kipimo wala kanuni ya sakiti ambayo ingeweza kupatikana.

Kanuni ya kwanza ya sakiti iliyopatikana ni ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa sekondari mjini Cologne, Ujerumani. Ohm alitaka kujua jinsi urefu na unene wa waya unavyobadili mkondo, lakini betri za wakati wake zilikuwa zikidhoofika katikati ya majaribio na kuvuruga hesabu. Mwaka 1826 akaziacha, akatumia kiungo cha bismathi na shaba, upande mmoja ukiwa kwenye joto la maji yanayochemka na upande mwingine kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto huzalisha volteji ndogo sana, lakini iliyo thabiti, na uthabiti huo ndio uliomwezesha kuona kwamba mkondo hupanda na kushuka kwa uwiano uleule wa volteji. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1827 na hakikupokewa vizuri nyumbani. Heshima kubwa ya kwanza, Medali ya Copley, ilimfikia kutoka London mwaka 1841. Kanuni yenyewe ni fupi: volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani, V = I × R. Ukinzani hupimwa kwa omu, kizio kilichopewa jina lake.

Kifaa kilichotengenezwa makusudi ili kiwe na ukinzani unaojulikana huitwa resista. Ni kijiti kidogo chenye miguu miwili na mistari ya rangi, na hakina chanya wala hasi. Rangi ni tarakimu: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Katika resista ya mistari minne, miwili ya mwanzo ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri zinazofuata, na wa nne hueleza kiasi ambacho thamani halisi inaruhusiwa kupotoka: dhahabu ni asilimia 5, fedha ni asilimia 10. Njano, zambarau, kahawia na dhahabu husomeka 4, 7 na sifuri moja, yaani omu 470, na mita ikionyesha chochote kati ya omu 447 na 493 resista hiyo ni nzima. Upotokaji huo unaeleza pia kwa nini madukani hakuna resista ya omu 500 katika safu ya kawaida ya asilimia 10. Safu hiyo huenda 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, kisha huanza tena kwa kuongeza sifuri. Kila thamani, ikipanda kwa asilimia 10, hukaribia kukutana na inayofuata ikishuka kwa asilimia 10, kwa hiyo hakuna pengo lenye maana kati yake.

Resista inapozuia mkondo hugeuza nishati kuwa joto. Nguvu inayotumika ni volteji mara mkondo, nayo hupimwa kwa wati. Resista ndogo za kawaida huvumilia robo wati. Ikizidishiwa hubadilika rangi, hutoa harufu ya kuungua, na mwisho hukatika. Hesabu ya wati haipaswi kurukwa hata kidogo, maana resista nyingi zinazokutwa zimeungua kwenye bodi zilikuwa na omu sahihi kabisa.

Kanuni ya Ohm peke yake hueleza kifaa kimoja. Ili vifaa vingi vielezeke kwa pamoja, zinahitajika kanuni mbili ambazo Gustav Kirchhoff alizitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi mjini Königsberg, na umri wake miaka 21. Ya kwanza inahusu fundo, yaani mahali nyaya mbili au zaidi zinapokutana: mikondo yote inayoingia katika fundo, ikijumlishwa, ni sawa na yote inayotoka. Chaji haizaliwi hapo, haipotei, wala hairundikani. Ya pili inahusu kitanzi, yaani njia yoyote inayozunguka hadi ikarudi ilipoanzia: volteji zinazopanda katika kitanzi ni sawa na zinazoshuka. Ya kwanza inatokana na kuhifadhika kwa chaji, na ya pili inatokana na kuhifadhika kwa nishati. Kwa hiyo hazina sakiti inayoziponyoka, iwe ya tochi au ya kompyuta, maadamu mabadiliko ya mkondo si ya kasi kupita kiasi.

Mfano mwepesi ni kitaa chekundu cha LED kinachotakiwa kuwaka kwenye betri ya volti 12. Kitaa hicho kikiwaka hushikilia takribani volti 2 kati ya miguu yake, na mkondo wa miliampea 20 hukitosha. Kikiunganishwa na betri moja kwa moja, hakuna cha kuzuia mkondo, na kitaungua kabla hakijaonekana vizuri. Kitanzi kina betri inayopandisha volti 12 na kitaa kinachoshusha volti 2. Kanuni ya pili inadai volti 10 zilizobaki zishuke kwenye kifaa kingine, na kifaa hicho ni resista. Volti 10 zikigawanywa kwa ampea 0.02 hutoa omu 500. Ya karibu dukani ni 470, nayo hupitisha miliampea 21. Joto lake ni volti 10 mara ampea 0.021, yaani wati 0.21. Robo wati inatosha, ila kwa shida. Fundi mwangalifu atachagua ya nusu wati, au atapunguza mkondo kwa kuweka omu 1,000, maana macho hayataona tofauti kubwa.

Vifaa vikipangwa kwa mfululizo, mkondo mmoja hupita katika vyote na volteji hugawanyika. Vikipangwa sambamba, volteji ni moja na mkondo ndio unaogawanyika. Katika mfululizo ukinzani hujumlishwa. Kwa resista mbili sambamba, ukinzani wa pamoja hupatikana kwa kuzizidisha na kugawanya kwa jumla yake, na jibu daima huwa dogo kuliko resista ndogo ya hizo mbili. Taa za nyumba zimewekwa sambamba ili moja ikiungua nyingine ziendelee.

Umuhimu wa hesabu hizi huonekana wazi katika nyumba zinazotumia umeme wa sola wa volti 12, ambako waya wenyewe hugeuka kuwa resista isiyoalikwa. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa takribani omu 0.017 kwa kila mita. Betri ikiwa sebuleni na televisheni pamoja na taa kadhaa zikiwa chumba cha mbali, mita 12 kutoka hapo, mkondo husafiri mita 24, kwenda na kurudi. Ukinzani wa njia hiyo ni karibu omu 0.41. Vifaa vikivuta ampea 4, waya hula volti 1.64, na betri yenye volti 12.6 huonekana kule chumbani kama betri yenye volti 10.96. Televisheni hujizima, taa hufifia, na lawama hupewa betri au paneli. Wati sita na zaidi zinapotea kwa kupasha waya joto ndani ya ukuta. Waya wa milimita nne za mraba ungepunguza hasara hiyo hadi volti 0.41. Cha kuangaliwa ni kwamba waya uleule mwembamba, ukibeba wati 50 kutoka kwenye soketi ya volti 230, hupitisha chini ya robo ampea na kupoteza chini ya volti 0.1. Mazoea ya kufunga nyaya za umeme wa gridi yakihamishiwa kwenye sola bila hesabu, ndipo matatizo yanapozaliwa.

Chanzo nacho kina ukinzani wake wa ndani. Betri nne za tochi katika redio zinapokuwa mpya hutoa volti 6 na ukinzani wake wa ndani ni mdogo. Zikichakaa, volteji yake isiyo na mzigo hushuka kidogo, lakini ukinzani wa ndani hupanda sana. Hapo ndipo mita inapomdanganya asiyejua: mita ya kidijitali yenye ukinzani wa omu milioni 10 huvuta chini ya sehemu moja ya milioni ya ampea, kwa hiyo haisumbui betri hata kidogo na husoma, kwa mfano, volti 5.6. Redio ikifunguliwa sauti juu na kuvuta ampea 0.3 kutoka kwenye betri zenye omu 6 kwa ndani, volti 1.8 hubaki ndani ya betri zenyewe na redio hupata 3.8 tu. Sauti inakoroma; ikipunguzwa, mkondo hupungua na redio husema tena vizuri. Desturi ya kuanika betri juani ina ukweli ndani yake: joto na mapumziko huharakisha mwendo wa kemikali na kupunguza ukinzani wa ndani kwa muda, ingawa haviongezi nishati iliyokwisha kutumika.

Ukinzani wa ndani hupatikana kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni volteji bila mzigo, tuseme 5.6. Cha pili ni volteji huku resista ya omu 22 ikiwa imeunganishwa. Mita ikisoma 4.4, mkondo ni ampea 0.2, na volti 1.2 zilizopotea zikigawanywa kwa 0.2 hutoa omu 6. Njia hii ina upana kuliko inavyoonekana. Mwaka 1883 Léon Charles Thévenin, mhandisi wa telegrafu nchini Ufaransa, alionyesha kwamba mkusanyiko wowote wa vyanzo na resista, uwe na utata wa namna gani, ukitazamwa kutoka kwenye nukta zake mbili hauna tofauti na chanzo kimoja chenye resista moja mbele yake. Hermann von Helmholtz alikuwa amefikia jambo hilohilo miaka 30 kabla yake. Kwa fundi, maana yake ni kwamba vipimo viwili vinaweza kukamilisha habari ya sakiti nzima iliyojificha ndani ya kasha.

Mfano mwingine wa kanuni za Kirchhoff ni betri mbili za sola zinazounganishwa sambamba, moja mpya yenye volti 12.8 na nyingine kuukuu yenye 12.0, kila moja ikiwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.05. Taa zote zimezimwa. Kitanzi kinachopita katika betri hizo mbili kina tofauti ya volti 0.8 na ukinzani wa omu 0.1, kwa hiyo mara tu zinapounganishwa ampea 8 huanza kutiririka kutoka betri mpya kwenda kwenye kuukuu, bila taa hata moja kuwaka. Betri mpya inamwagwa usiku kucha ili kujaza isiyoweza kujaa. Ushauri wa kutochanganya betri za umri tofauti unatokana na hesabu hii.

Kapasita ni kifaa cha aina nyingine. Ina bamba mbili za metali zisizogusana, na chaji hujikusanya juu yake. Asili yake ni chupa ya Leiden, iliyobuniwa kati ya 1745 na 1746 na Ewald von Kleist na Pieter van Musschenbroek, kila mmoja kwa njia yake. Uwezo wake hupimwa kwa faradi, lakini faradi ni kubwa mno kwa kazi za kawaida, kwa hiyo vifaa vingi huandikwa kwa maikrofaradi, yaani sehemu ya milioni. Volteji ya kapasita haiwezi kuruka ghafla. Hupanda au hushuka kadiri chaji inavyoingia au kutoka. Ikijazwa kupitia resista, omu zikizidishwa kwa faradi hutoa muda katika sekunde, na baada ya muda huo kapasita huwa imefikia asilimia 63 ya volteji ya chanzo. Resista ya omu 10,000 na kapasita ya maikrofaradi 100 hutoa sekunde 1: kwenye chanzo cha volti 12, baada ya sekunde moja mita husoma 7.6, na baada ya sekunde tano imekaribia 12. Taa zinazojizima baada ya muda na vipima muda vingi vya bei nafuu vinategemea jambo hilo.

Kapasita kubwa za silinda zina chanya na hasi, na upande wa hasi huchorwa mstari ubavuni. Zikigeuzwa hupata moto na zinaweza kupasuka. Katika televisheni na chaja za kisasa, kapasita ya kwanza baada ya waya wa ukutani hujazwa hadi karibu volti 325 na inaweza kubaki na chaji hiyo hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme wake unaweza kuua. Mafundi wenye busara huipima kwanza, kisha huitoa chaji kwa resista, wala si kwa kuipiga shoti kwa bisibisi.

Koili ni kinyume cha kapasita: kwake kisichoweza kuruka ghafla ni mkondo. Waya uliozungushwa hujenga uga wa sumaku, na mkondo ukikatwa ghafla uga huo huporomoka na kuzalisha volteji kubwa inayojaribu kuendeleza mkondo. Koili mbili kwenye kiini kimoja cha chuma hufanya transfoma, ambayo msingi wake ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831. Transfoma hubadili volteji kwa uwiano wa mizunguko ya koili, lakini hufanya kazi kwa mkondo geu tu, yaani ule unaogeuka huku na huku.

Daiodi hupitisha mkondo upande mmoja. Ferdinand Braun aliona tabia hiyo katika fuwele za madini mwaka 1874, John Ambrose Fleming akaitengeneza katika balbu isiyo na hewa mwaka 1904, na Russell Ohl wa maabara ya Bell nchini Marekani akagundua kiungo cha silikoni mwaka 1940. Daiodi haifuati kanuni ya Ohm. Daiodi ya silikoni hukataa kabisa hadi volteji ikaribie 0.6 au 0.7, halafu hufunguka, na tangu hapo volteji yake hubadilika kidogo tu hata mkondo ukiongezeka maradufu. Kwa sababu hiyo hesabu zake hufanywa kwa dhana: hudhaniwa kwamba imefunguka na inashikilia volti 0.7, mikondo hupigiwa hesabu, kisha hutazamwa kama mkondo wake unaenda upande unaoruhusiwa. Hesabu ikitoa mkondo wa kurudi nyuma, dhana ilikuwa mbaya. Daiodi imefunga, na hesabu huanza upya. LED ni daiodi inayotoa mwanga, na volteji yake hutegemea rangi: nyekundu karibu 2, bluu na nyeupe karibu 3.

Vifaa vinne, yaani transfoma, daiodi, kapasita na kidhibiti cha volteji, hukutana katika adapta ya zamani, ile nzito inayotoa volti 5. Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240, nao hugeuka mara 50 kwa sekunde huku na huku. Transfoma huushusha hadi volti 9. Hizo 9 ni wastani wa kinguvu. Kilele cha wimbi ni 9 mara 1.414, yaani 12.7. Daiodi nne zilizopangwa kama daraja hugeuza nusu zote mbili za wimbi zielekee upande mmoja. Wakati wowote mkondo unapita katika daiodi mbili, kwa hiyo volti 1.4 hupotea na kilele hubaki 11.3. Daraja hilo hutoa vilele 100 kwa sekunde, na kati ya kilele na kilele kapasita ndiyo inayolisha mzigo huku ikipungua. Mzigo ukivuta ampea 0.5 na kapasita ikiwa ya maikrofaradi 2,200, upungufu hauzidi 0.5 ÷ (100 × 0.0022), yaani volti 2.3. Volteji basi huyumba kati ya 11.3 na 9.0.

Baada ya hapo husimama kidhibiti cha aina ya 7805, chenye miguu mitatu, ambacho hutoa volti 5 maadamu kinaingiziwa angalau 7 hivi. Chini kabisa ya myumbo ni 9.0, kwa hiyo sakiti inafanya kazi na akiba ipo. Tatizo liko kwenye joto. Wastani unaoingia ni volti 10.2 na zinazotoka ni 5; volti 5.2 zilizobaki, kwa ampea 0.5, ni wati 2.6 zinazogeuka kuwa joto ndani ya kidude kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Bila bamba la alumini la kupozea, kidude hicho hupanda nyuzi 65 hivi kwa kila wati, kwa hiyo kingevuka nyuzi 150 na kujizima chenyewe. Chaja nyepesi za siku hizi ziliacha njia hii kwa sababu hiyo hasa: hukata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde na kupoteza kidogo sana.

Sakiti hii ina manufaa kwa anayejifunza kutafuta hitilafu, kwa kuwa inasema ugonjwa wake. Kapasita ikikauka kwa miaka, uwezo wake hupungua na myumbo huongezeka. Ikishuka hadi robo ya uwezo, volteji kati ya vilele huenda chini ya 7, kidhibiti hushindwa, na redio iliyounganishwa hutoa mngurumo wa marudio 100 kwa sekunde. Daiodi moja ya daraja ikikatika, nusu moja ya wimbi hupotea. Vilele hubaki 50 kwa sekunde, kapasita hulazimika kusubiri muda mara mbili, na mngurumo unakuwa mzito zaidi, wa marudio 50. Sikio lililozoea hutofautisha hayo mawili kabla bisibisi haijashikwa.

Transista ndiyo iliyobadilisha mambo. John Bardeen na Walter Brattain waliionyesha Desemba 1947 katika maabara ya Bell, New Jersey, William Shockley akaifuatisha na muundo ulio imara zaidi, na watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1956. Ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Mkondo mdogo unaoingia besi huruhusu mkondo mkubwa kupita kutoka kolekta hadi emita, mara nyingi mkubwa mara 100 au zaidi. Ikitumika kama swichi, hesabu yake ni nyepesi. Relei (swichi inayovutwa kwa sumaku) ya volti 12 yenye koili ya omu 400 huvuta miliampea 30. Kwa ukuzaji wa 100, besi ingehitaji miliampea 0.3, lakini kwa kuwa transista za aina moja hutofautiana sana kwa ukuzaji, huingizwa mara kumi ya hiyo, yaani miliampea 3, ili ifunguke kikamilifu. Amri ikitoka kwenye sakiti ndogo ya volti 5, volti 0.7 hushikwa na besi, na 4.3 zilizobaki zikigawanywa kwa ampea 0.003 hutoa omu 1,433. Resista ya omu 1,500 inafaa. Sambamba na koili ya relei huwekwa daiodi iliyogeuzwa, ili volteji ya kuporomoka kwa sumaku ipate njia ya kuzungukia. Daiodi hiyo ikisahauliwa, relei itafanya kazi vizuri siku ya kwanza, na transista itakufa baadaye bila kueleweka kwa nini.

Mwaka 1958 Jack Kilby, na mwaka uliofuata Robert Noyce, walionyesha jinsi ya kuweka transista na resista nyingi katika kipande kimoja cha kipitishi-nusu, kama silikoni. Ndani ya vipande hivyo hakuna kanuni mpya kwa anayechambua sakiti. Miguu yake ina volteji na mikondo kama vifaa vingine, na fundo linabaki fundo.

Upimaji wenyewe una utaratibu. Volteji hupimwa umeme ukiwa umewashwa, ncha za mita zikiwa sambamba na kifaa. Ukinzani hupimwa umeme ukiwa umezimwa na kapasita zimetolewa chaji, tena ikiwezekana mguu mmoja wa kifaa uwe umefunguliwa lehemu, la sivyo mita hupima vifaa vyote vilivyo sambamba nacho. Mkondo hupimwa kwa kukata njia na kuipitisha ndani ya mita, na kwa sababu mita ya mkondo karibu haina ukinzani, ikiwekwa sambamba na betri ni shoti kamili na fyuzi yake hukatika. Mara nyingi hakuna haja ya kukata njia: volteji kwenye resista inayojulikana, ikigawanywa kwa omu zake, hutoa mkondo uleule. Kabla ya kila kipimo, jibu linalotarajiwa huandikwa pembeni. Katika adapta iliyoelezwa, 12.7 hailetwi na mita ya mkondo geu, ambayo itasoma 9. Kwenye kapasita, mita ya mkondo wa upande mmoja itasoma karibu 10.2 chini ya mzigo na 11.3 au zaidi bila mzigo. Kwenye mguu wa mwisho wa kidhibiti, 5. Ikisoma 10 kwenye kapasita na 0 kwenye mguu wa mwisho, huku mguu wa kati ukiwa umeshikamana vizuri na hasi, mzigo huondolewa kwanza. Volti 5 zikirudi, shoti iko upande wa mzigo. Zisiporudi, kidhibiti ndicho kinachobadilishwa.